Mdogo wangu amepata "ndugu" wapya, na rafiki yake wa utotoni hamsalimii tena

Swali

Shikamoo mwalimu. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23. Mwaka jana alipoteza kazi, na miezi michache baadaye mchumba wake akamwacha. Akawa mtu wa kujifungia chumbani na simu yake. Halafu akapata kikundi. Mwanzoni nilifurahi, maana alianza kutoka, kufanya mazoezi, hata kucheka. Sasa maneno yake ni damu, wavamizi na wasaliti. Ana rafiki waliyekua pamoja, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka nchi nyingine. Siku hizi haitikii hata salamu yake. Juzi nimeona ameibandua ukutani picha waliyopiga wawili siku ya kumaliza shule. Nikimuuliza ananijibu "mwacha asili ni mtumwa", basi, mazungumzo yameisha. Baba anasema atamfukuza nyumbani. Mimi nami naipenda nchi yangu. Wimbo wa taifa ukipigwa machozi hunilengalenga. Sasa najiuliza, mimi na mdogo wangu tumeachana wapi? Na nifanye nini kabla hatujampoteza?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema kwamba mwanzoni ulifurahi. Usijilaumu kwa furaha ile. Uliona jambo la kweli: mdogo wako alikuwa anazama, na kuna watu walimnyooshea mkono. Tukianza kwa kulikana hilo hatutamwelewa, na tusipomwelewa hatuna njia ya kumfikia.

Nimefundisha saikolojia ya jamii kwa miaka mingi, na nimekaa na vijana kadhaa waliowahi kuwa ndani ya vikundi vya namna hii wakatoka. Mmoja nilimuuliza ni hoja gani iliyomvuta. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakumbuki hoja yoyote. Anachokumbuka ni kwamba mara ya pili alipokwenda mkutanoni alichelewa, ukumbi umeshajaa, na mtu aliyekuwa amemwona mara moja tu akaondoa koti lake juu ya kiti akamwambia, "Nilikushikia." Kwao, aliniambia, alikuwa amekula peke yake karibu mwaka mzima. Chuki alijifunza baadaye, akiwa ameshakalia kile kiti.

Maelezo yake yanafanana na aliyoyaona mtafiti wa Norwei, Tore Bjørgo, aliyewachunguza vijana wa vikundi vya kibaguzi vya Skandinavia katika miaka ya 1990. Aligundua kwamba mara nyingi kijana hajiungi kwa sababu ni mbaguzi. Anakuwa mbaguzi kwa sababu amejiunga. Alikwenda kutafuta marafiki, au ulinzi, au jina, au msisimko tu, na itikadi akaivaa kama sare inayogawiwa mlangoni.

Kiu ya kuwa na wenzako ni kubwa kuliko tunavyopenda kukubali. Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walibuni mchezo mdogo wa kompyuta. Unaambiwa unarushiana mpira na watu wawili walio mahali pengine. Unapokea, unarusha, unapokea, halafu wale wawili wanaanza kurushiana wao kwa wao na wewe unabaki kutazama. Ni dakika chache tu, hakuna zawadi wala mtu anayekuona. Lakini wanaofanyiwa hivyo hutoka na huzuni, hujiona duni, na wengine husema walihisi kana kwamba hawapo. Hata walipoambiwa mapema kwamba wanacheza na kompyuta tupu, waliumia vilevile. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2007 washiriki waliambiwa kwamba wale wawili ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kikundi cha Wamarekani weupe wabaguzi, yaani watu ambao wao wenyewe waliwachukia kabisa. Kunyimwa mpira na watu hao nako kuliwauma.

Mdogo wako hakunyimwa mpira wa kwenye kioo. Alinyimwa kazi, kisha akanyimwa mtu aliyedhani atazeeka naye. Aliyekuja kumrushia mpira wakati ule angeweza kuwa yeyote: kwaya, timu, chama cha kuwasaidia wagonjwa. Waliowahi ni hawa, na vikundi hivi huwahi kwa sababu huwatafuta watu wa hali yake makusudi. Mpweke hana wa kumuuliza, "Hivi haya unayoyasema umeyatoa wapi?"

Lakini kiu peke yake haijibu swali lako lote. Watu wengi wana kiu hiyo na hawamchukii jirani. Inakuwaje kuwa na kwetu kugeuke kuwa uadui na kwao? Hapa inabidi nikueleze habari za mtu mmoja, maana maisha yake na utafiti wake haviachani.

Henri Tajfel alizaliwa Polandi mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Ufaransa akiwa mwanafunzi. Akaingia jeshi la Ufaransa, na mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani. Waliomteka walijua kwamba ni Myahudi, lakini yeye akajitambulisha kuwa Mfaransa, akaficha kwamba ametoka Polandi. Neno hilo moja, Mfaransa badala ya Mpolandi, ndilo lililomweka hai mpaka vita vikaisha. Alipoachiwa akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa.

Karibu na mwaka 1970, akiwa profesa huko Bristol, Uingereza, aliwachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 akawaonyesha michoro ya wasanii wawili, Klee na Kandinsky, bila kuwatajia mchoro upi ni wa nani. Kisha kila mvulana akaambiwa, wewe uko kundi la wanaopenda Klee, au wewe uko kundi la Kandinsky. Kusema kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Halafu kila mmoja akaketi peke yake na kutakiwa kugawa alama, ambazo zingegeuzwa kuwa fedha, kwa wavulana wengine wawili anaowajua kwa namba na kundi tu. Yeye mwenyewe hapati chochote. Hakukuwa na ugomvi wa zamani, wala ardhi ya kugombea, wala dini. Hata sura za wenzao wa kundi hawakuzijua.

Wakapendelea kundi lao. Hilo labda ungelitarajia. Linalonitia hofu mimi ni jambo la pili. Katika karatasi zao kulikuwa na uchaguzi wa namna hii: upande mmoja kundi lako linapata 19 na lile jingine linapata 25; upande wa pili kundi lako linapata 7 na lile jingine 1. Wavulana walivutwa kuelekea upande wa pili. Walikuwa tayari watu wao wapate kidogo ilimradi wawazidi wale wengine.

Hesabu hii ndiyo injini ya utaifa wa kupindukia. Kiongozi wa siasa hizo hahitaji kukuongezea kitu mfukoni. Anachohitaji ni kukuhakikishia kwamba kuna mtu yuko chini yako na kwamba atabaki chini. Ujerumani ya mwaka 1928 chama cha Wanazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Julai 1932, nchi ikiwa na watu karibu milioni sita wasio na kazi na jeraha la kushindwa vita likiwa bado bichi, kilipata zaidi ya asilimia 37. Watu husema njaa ndiyo iliyofanya hivyo. Lakini wengi wa waliokosa kazi hawakukipigia kura chama hicho, walikwenda kwa wakomunisti. Njaa iliwafungua watu masikio, lakini maneno yaliyoingia humo yalitungwa na watu, na maneno mengine yangeweza kutungwa.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, mlipoachana wewe na mdogo wako.

Kaa naye jioni moja umsikilize bila kumkatiza, na moyoni mwako hesabu mambo mawili. Mara ngapi anaitaja nchi yenyewe: lugha yake, mito yake, wazee waliojenga kitu fulani, watoto watakaorithi. Na mara ngapi anamtaja adui. Nimefanya hivi na vijana wengi, na mara zote adui ametajwa zaidi. Mwondolee adui, hana la kusema. Wewe ukimwondoa adui, machozi yako kwenye wimbo wa taifa yanabaki palepale, kwa sababu hayakumhitaji.

Kingine ni aibu. Anayeipenda nchi yake huona aibu nchi hiyo inapotenda ubaya, na aibu hiyo ni sehemu ya mapenzi yake, kama mzazi anavyoinamisha kichwa mwanawe anapoletwa kwa wizi. Mtaifa wa kupindukia hana nafasi ya aibu. Kwake kila kosa la nchi ama ni uongo wa maadui, ama lilistahili. Anayelitaja, hata akiwa mwenzake, anakuwa msaliti.

Na neno hilo, msaliti, ndilo ningependa mdogo wako alitafakari siku moja, maana ndilo litakalomfikia yeye. Tazama waliouawa kwa jina la taifa, na tazama aliyeshika silaha. Tarehe 31 Julai 1914, mwanasiasa wa Ufaransa Jean Jaurès, aliyekuwa akihangaika kuzuia vita, alipigwa risasi akiwa mezani kwenye mgahawa Paris. Aliyempiga hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mfaransa mwenzake, Raoul Villain, mtaifa. Mwaka 1919 mahakama ikamwachia huru, na mjane wa Jaurès akaamriwa kulipa gharama za kesi. Gandhi hakuuawa na Mwingereza wala Mwislamu. Aliuawa tarehe 30 Januari 1948 na Nathuram Godse, Mhindu mwenzake, aliyeona kwamba mzee yule anawapendelea Waislamu. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi yake, aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na kijana wa Kiyahudi aliyepinga amani aliyokuwa anaitafuta.

Na yuko Fritz Haber, ambaye nchi yake haikumpiga risasi. Alikuwa mkemia wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyebatizwa Mkristo, na sidhani kama kuna mtu aliyeipa Ujerumani zaidi ya alivyoipa yeye. Njia yake ya kutengeneza amonia kutokana na hewa ndiyo msingi wa mbolea za viwandani mpaka leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaiweka elimu yake mikononi mwa jeshi, na tarehe 22 Aprili 1915 yeye mwenyewe alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Alitenda uovu ule kwa kuamini kwamba taifa ndilo kila kitu. Mwaka 1933 Wanazi wakatunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Haber angeweza kubaki, kwa kuwa alitumikia vitani, lakini alitakiwa awafukuze wenzake. Akajiuzulu, akaihama nchi, na Januari 1934 akafia Basel, Uswisi. Mtu aliyekuwa amelipa kila ada iliyodaiwa mlangoni aliambiwa kwamba ada ilikuwa damu, na damu hainunuliki.

Vikundi kama cha mdogo wako humwahidi mtu mahali pa kudumu, lakini mahali penyewe hupimwa upya kila siku. Leo anatakiwa asiitikie salamu ya rafiki yake. Amefanya. Kesho atatakiwa kitu kingine, kizito zaidi. Duara linazidi kubana, kwa sababu linaishi kwa kutafuta nani yuko nje.

Mwaka 1994 nchini Rwanda duara hilo lilibana kwa muda wa siku 100 hivi, na watu wapatao 800,000 wakauawa, walio wengi mno wakiwa Watutsi. Wauaji na waliouawa walizungumza lugha moja, waliishi vilima vilevile, walisali makanisa yaleyale. Kilichowatenganisha kwenye vizuizi vya barabarani ni neno lililoandikwa kwenye kitambulisho, utaratibu ulioletwa na wakoloni wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. RTLM, redio ya Wahutu wenye siasa kali, ilikuwa imeanza kuwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, miezi kadhaa kabla ya mauaji hayo. Tena usisahau kwamba tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza kabisa, miongoni mwa waliouawa alikuwepo waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana. Alikuwa Mhutu. Kosa lake ni kutokubali kwamba Uhutu unatosha kuwa sera ya nchi.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakaingia darasani wanafunzi wakiwa wanajisomea. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi hawakuondoka mahali pao. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, kadhaa wakafa palepale, na wengine wanaishi na majeraha hadi leo. Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa.

Nakuomba uiangalie vizuri habari hii, kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako kuliko maelezo yangu yote. Watoto wale nao walitumia jina la taifa. Hawakusema mataifa hayana maana, wala sisi ni binadamu tu. Walisema Wanyarwanda, na neno hilo likawa ukuta wa kumkinga aliyeketi dawati la pili. Wauaji wa mwaka 1994 nao walisema wanaipigania nchi. Neno la uzalendo linaweza kutumika kumfunika mtu na linaweza kutumika kumvua, na mzalendo unamjua kwa anavyolitumia kwa aliye karibu naye.

Kuhusu methali anayokujibu nayo. "Mwacha asili ni mtumwa" ni methali yetu na ni ya kweli. Inamwonya anayewaonea haya watu wake, anayeidharau lugha ya mama yake akiambiwa kwamba ya wengine ni bora. Haisemi popote kwamba ili ushike asili yako uikanyage ya mwingine. Rafiki yake naye ana asili, na wazazi wake waliibeba wakaja nayo. Na kuna jambo ambalo ningemuuliza mdogo wako kwa upole, siku akiwa mtulivu: utoto wako si asili yako? Ule mliocheza wote, mkachapwa wote, mkafaulu wote? Hiyo ndiyo asili aliyoibandua ukutani.

Sikuitaja picha kwa bahati. Mwaka 1954, katika bustani ya Robbers Cave huko Oklahoma, Marekani, Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 wasiofahamiana katika makundi mawili. Haikuchukua siku nyingi za mashindano kabla bendera hazijachomwa moto na vibanda kuvamiwa usiku. Jaribio hilo hufundishwa kila mahali. Lisilosimuliwa sana ni lile la mwaka mmoja kabla yake, jimbo la New York, ambapo wavulana waliachwa kwanza wachanganyike na kufanya urafiki, kisha ndipo wakagawanywa. Watafiti walijaribu kila hila ya kuwagombanisha. Wavulana hawakugombana, na jaribio likavunjwa.

Anayejuana na mtu kabla ya kuambiwa kwamba ni adui ni mgumu kugeuzwa. Mdogo wako na rafiki yake ni kama wavulana wale wa jaribio lililovunjika. Ndiyo maana picha ilibidi ibanduke: kila asubuhi ilikuwa inambishia. Mimi naiona hiyo kuwa dalili njema. Kitu kilichokwisha moyoni hakina haja ya kubanduliwa, kinaachwa tu kining'inie mpaka kififie.

Basi, la kufanya.

Kwanza baba. Najua uchungu wake, na najua anaona aibu mbele ya majirani. Lakini kumfukuza ni kuwafanyia kazi wale wenzake. Wameshamwambia kwamba jamaa zake hawamwelewi na kwamba ndugu zake wa kweli ni wao. Siku atakapokuwa mlangoni na begi, unabii wao utakuwa umetimia na kitanda wameshamwandalia. Baba ana haki ya kuweka mpaka: maneno ya kuwatukana watu yasisemwe ndani ya nyumba hii, mgeni yeyote anayekuja hapa ataheshimiwa. Mpaka kama huo ni mzuri, na ausimamie. Ila nyumba ibaki yake.

Usishindane naye kwa hoja usiku kucha. Najua unaweza kumshinda. Amefundishwa majibu, na kila ushindi wako atauhesabu kama shambulio jingine aliloliponea. Muulize mambo ambayo hakufundishwa kuyajibu. Wiki ile ulipoumwa, nani alikuja? Kuna jambo lolote unaloweza kuwapinga wakubali? Mtu akitaka kutoka hutokea nini? Uliza moja, halafu nyamaza. Usimlazimishe akujibu. Swali likimwingia litaendelea lenyewe akiwa peke yake.

Wakati huohuo mtafutieni mahali anapohitajika. Nasema anapohitajika, kwa sababu kukaribishwa peke yake hakutoshi. Wale wavulana wa Oklahoma hawakupatanishwa kwa mahubiri, wala kwa kulishwa pamoja; walipolishwa pamoja walirushiana chakula. Walianza kupoa maji ya kambi yalipokatika na ikabidi wote waitafute hitilafu, na lori lilipokataa kuwaka ikabidi wote walivute kwa kamba moja. Mdogo wako ana mikono, na ana nguvu anazozijenga kwa mazoezi. Kama kuna mjomba anayejenga, kama kuna timu ya watoto isiyo na mwalimu, kama kuna mgonjwa wa kubebwa, mwiteni. Asiitwe ili abadilike, aitwe kwa sababu kazi ipo na bila yeye haitaisha. Kazi ya malipo ikipatikana ni bora zaidi, lakini msiisubiri.

Rafiki yake usimtwishe mzigo huu. Ameshaumizwa. Nenda kamwone wewe kama dada, mwambie umeona yaliyotokea na kwamba nyumbani kwenu bado ni kwao. Asitumwe kumbembeleza mtu anayemwita mvamizi. Akitaka mwenyewe kumtumia salamu siku moja, hilo ni lake.

Jambo moja sitaki ulisubirishe. Ukisikia silaha, au mpango dhidi ya mtu au mahali, au majina yanayoandikwa kwenye orodha, au ukimwona anaanza kugawa vitu vyake na kuaga, wape taarifa wanaohusika na usalama siku hiyohiyo. Atakuita msaliti. Kubali kuitwa hivyo, maana mtu akishauawa au akishaua hakuna mazungumzo tutakayoweza kuyafanya naye tena.

Kutoka kwenyewe huchukua muda. Norwei walianzisha mpango wa kuwasaidia wanaotaka kuviacha vikundi hivi mwaka 1997, Uswidi wakafuata mwaka 1998, Ujerumani mwaka 2000, na huko Norwei wazazi wa vijana hawa waliundiwa mitandao yao ili wasibaki na aibu yao peke yao. Wale wa Ujerumani, EXIT-Deutschland, mwaka 2011 waligawa fulana za bure kwenye tamasha la muziki la wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia mjini Gera. Zilikuwa na mchoro wa fuvu la kichwa na bendera za kitaifa, na wafuasi hao wakazichukua kwa furaha. Walipozifua nyumbani mchoro ukatoka, na chini yake yakajitokeza maneno kwamba kilichowezekana kwa fulana hii hata wewe unakiweza, tutakusaidia kuachana na siasa kali. Napenda kwamba ujumbe ule ulimkuta kila mmoja akiwa peke yake, mbele ya maji ya kufulia, bila mwenzake wa kumwangalia.

Mdogo wako akifika hapo atakuwa anapoteza marafiki wote kwa siku moja, na simu yake itanyamaza kama ilivyokuwa mwaka jana. Hiyo ndiyo wiki ngumu. Wengi hurudi wiki hiyo, na si kwa sababu wanaamini tena. Ni kwa sababu jioni ni ndefu. Panga tangu sasa nani atakuwa naye jioni hizo, na usimwulize kwanza kama amejuta.

Na ile picha, itafute. Pengine ameitia kwenye droo, pengine iko kwenye takataka. Kama iko kwenye takataka itoe uifute. Usiirudishe ukutani, hilo alifanye yeye. Iweke tu mahali ambapo akiitafuta ataiona.